Mdomo wa Winchi

Katika gereji ile sheria zilikuwa nyingi na nyingi hazikufuatwa, ila moja haikuguswa: injini ikiwa kwenye winchi, mdomo ni mmoja. Mtu mmoja husimama mbele ya gari, huyo ndiye mdomo, na maneno yake ni matatu tu: panda, shuka, simama. Wengine wote kimya. Aliyeitunga ni mwenye gereji mwenyewe, mzee ambaye wateja walimwita Bingwa. Aliitunga miaka zaidi ya thelathini iliyopita, siku ambayo watu wanne walipiga kelele kwa pamoja, huyu panda, yule shuka, na injini ya lori ikatua kwenye mguu wa mtu wa tano. Tangu hapo, ukitaka hata kukohoa, unatoka nje kwanza.

Bingwa sasa alikuwa na miaka sitini na tisa, na gereji alikwisha kumwachia mkwewe, mume wa binti yake wa pekee. Mkwe huyo wateja walimpachika jina la Taratibu, kwa sababu hakuna nati aliyoigusa kabla ya kuizunguka na kuitazama kama anayechagua nyanya sokoni. Walimcheka, lakini walirudi. Mafundi wa haraka wako wengi, na magari yao ndiyo hayo yanayorudi yakivutwa na kamba.

Gari la wiki ile halikuwa la mteja. Lilikuwa la Bingwa, gari la zamani kuliko ndoa yake, lenye taa za duara na usukani mpana kama sinia. Ndilo lililompeleka mkewe kujifungua, na miaka miwili iliyopita ndilo lililofuata jeneza la mkewe huyo, likitoa moshi mweupe njia nzima hadi watu wa nyuma wakafunga vioo. Likafunikwa turubai tangu siku hiyo. Sasa mzee alikuwa amesema anataka injini ishushwe, ifunguliwe, itiwe ringi mpya na sili mpya, irudishwe. Sharti lake lilikuwa moja.

"Mdomo nitakuwa mimi," alisema. "Injini ile nimeitoa mara nne kwa mikono hii. Ya tano hainishindi."

Taratibu aliitikia "Sawa, baba," lakini usiku ule hakulala vizuri. Kwa miezi kadhaa alikuwa akimwona mzee akimimina chai pembeni ya kikombe. Alimwona akipapasa ukuta kabla ya kukaa, na akimsalimia mteja mrefu kwa jina la mteja mfupi. Asubuhi ya kazi, wakati mkewe anawafunga pacha wao viatu vya shule, akashindwa kuvumilia.

"Mama Pacha, macho ya baba umeyaona?"

"Nimeyaona."

"Basi tumwambie..."

"Tumwambie nini? Kwamba amekwisha?" Mkewe alivuta kamba ya kiatu hadi mtoto akalia aah. "Mama amekufa, gereji kakupa wewe, kimebaki kitu kimoja duniani anachojua kukifanya. Mwache. Mimi nitakuwa kwenye mnyororo, wewe utakuwa pembeni, kutaharibika nini? Na wewe yaone hayo macho, halafu unyamaze."

Akanyamaza. Ni mkwe, jamani. Mkwe hata akikanyagwa na baba wa mkewe, husema samahani kwa kuuweka mguu pale.

Tuseme haki, kazi ya kutayarisha Taratibu aliifanya kama inavyotakiwa. Siku moja kabla alitoa betri, akamwaga maji na oili, akavua boneti na kuchora alama kwenye bawaba zake ili irudi palepale. Alitoa rejeta na feni, akaziba paipu ya mafuta kwa kijiti, akafungia kila waya kitambaa cha rangi yake. Chini ya giaboksi aliweka jeki na ubao ili isianguke injini itakapoiacha. Kisha akaupitia mnyororo wa winchi pete moja baada ya nyingine, akajaribu kifungo cha ndoano, akapanda ngazi kuitazama boriti. Boriti ilibeba tani nzima na injini haikufika kilo mia mbili na nusu. Lakini kilo mia mbili na nusu zikikuangukia hazikuulizi boriti inabeba tani ngapi.

Ikabaki kufunga mnyororo kwenye injini. Masikio ya kunyanyulia yalikwisha kupotea zamani, kwa hiyo kipande cha mnyororo hufungwa kwa bolti mbili kwenye kichwa cha injini, moja mbele kushoto, nyingine nyuma kulia, na ndoano hushika katikati. Taratibu alikuwa ameziweka bolti mbili mpya juu ya kitambaa safi, ndefu kama kidole cha kati. Bingwa alipofika, akapokea shikamoo yake, akaitikia marahaba, akazisogeza zile bolti kwa kiganja.

"Injini hii ina bolti zake," alisema, akafungua kopo lake la chuma lenye bolti za miaka yote hiyo. Hakutazama ndani. Alichovya vidole, akapapasa, akatoa moja, akapapasa tena, akatoa ya pili.

Bolti ya nyuma ilizunguka mara kumi na moja kabla ya kukaza. Taratibu alihesabu, hakukusudia, ni mazoea tu, fundi husikia spana kama mwalimu anavyosikia mtoto akiruka herufi. Ya mbele ilizunguka mara tatu. Mara tatu, ikakaza. Bolti fupi ile, ukiondoa unene wa pete ya mnyororo na wa washa, ile pete bapa ya chuma chini ya kichwa cha bolti, ilikuwa imeingiza meno matatu tu kwenye chuma. Injini nzima ining'inie kwa meno matatu!

"Baba," alisema Taratibu, "hii ya mbele... labda tungeiangalia tena kidogo?"

"Imekaza."

"Ndiyo, baba. Nasema tu, ile ndefu pengine..."

"Baba Pacha. Imekaza."

Sasa hapo ndipo ungetamani kumtandika Taratibu kofi, mtu mzima na akili zake, na spana mkononi. Alijua. Hakudhani, hakuhisi, alijua kabisa. Alimtazama mkewe kwenye mnyororo, mkewe akakaza macho: tulikubaliana nini asubuhi? Akamtazama mzee, ambaye mgongo wake ulikuwa umenyooka leo kuliko siku yoyote tangu mazishi. Akajiambia meno matatu ya chuma cha zamani si haba. Akajiambia ni dakika kumi tu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Akasogea pembeni.

Bingwa akasimama mbele ya gari, akainua mkono.

"Panda."

Mama Pacha akavuta. Alianza kuvuta mnyororo ule kabla hajajua kusuka nywele, na mkono wake ulikuwa na kipimo. Kra, kra, kra. Mnyororo wa injini ukakaza, gari likainuka kidogo kwenye springi zake, kama anayeamka kitini.

"Simama."

Taratibu akafungua bolti za maunti, vile viti vya injini, kushoto na kulia, akathibitisha zile za giaboksi zimetoka zote, akarudi pembeni. Mpaka hapo mambo safi.

"Panda."

Injini ikaachana na viti vyake, upana wa vidole viwili, vitatu, vinne. Hapo ilitakiwa isogee mbele ili ijivue kwenye shafti ya giaboksi. Haikusogea. Kitu kilikuwa kimeshika.

"Simama," alisema Bingwa. Akakunja uso, akainama juu ya mahali palipokuwa na rejeta, akatazama. Akatazama tena. Halafu akafanya jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amewafukuzia mafundi wawili kazi. Alitia mkono chini ya injini inayoning'inia, kati ya puli ya mkanda na chuma cha fremu, akaanza kupapasa.

Taratibu akaiona washa ya mbele ikiinama. Kidogo sana, unene wa kucha. Vumbi jembamba la chuma likamwagika kutoka kwenye tundu.

Sheria ikamzuia. Miaka kumi na mmoja ya "ndiyo, baba" nayo ikamzuia. Ilikuwa nusu ya pumzi, lakini alikiri baadaye kwamba kwa nusu hiyo alisubiri, kweli alisubiri, ruhusa ya kusema.

"Toa mkono!"

Mzee hakuutoa. Alifanya ambalo kila mtu wa gereji ile angelifanya: aligeuza kichwa kutafuta ni nani huyo aliyethubutu kusema. Mdomo si ni mmoja? Na mkono wake ukabaki palepale.

Taratibu akaruka. Alimkamata baba wa mkewe ukosi wa shati, kama mwizi, akamvuta kwa nguvu zake zote, wakaanguka chali wote wawili juu ya sakafu yenye oili. Bolti ikachomoka kwa mlio mkavu. Pua ya injini ikashuka na kugonga chuma cha fremu, puli ikamegeka kipande, gari zima likatikisika. Bolti ya nyuma, ile ya mizunguko kumi na moja, ikashika. Injini ikabaki imening'inia upande upande, ikibembea kidogo kidogo.

"Baba!" Mama Pacha alikuwa ameganda na mnyororo mikononi.

Bingwa akaketi sakafuni. Akainua mkono wa kulia karibu kabisa na uso, akahesabu vidole kwa kidole gumba: kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne. Vyote vipo. Akashika ukosi wake, vifungo viwili havipo.

"Umenikamata shati," alisema.

"Nisamehe, baba."

"Nani alifunga bolti ya mbele?"

Jibu lilikuwa limekaa sakafuni. Bolti ilikuwa imebingirika hadi miguuni pa Taratibu. Akaiokota, akampa mzee mkononi, na mzee akapitisha ukucha juu ya meno yake. Matatu ya mwisho yalikuwa yamelika, laini kabisa.

Hapo mkwe angeweza kusema bolti ilikuwa mbovu, ni ya zamani, ajali haina kinga. Mzee angeipokea, wangeinuka, wangekunywa chai, na injini ingetoka na aibu ingebaki. Lakini hofu ilikuwa haijamtoka, na hofu ikikuingia hivyo adabu haina pa kukaa.

"Niliiona, baba. Ulipokuwa unaikaza. Ilizunguka mara tatu."

"Uliiona."

"Niliiona."

"Ukanyamaza."

"Nilikuheshimu."

"Heshima!" Mzee alipaza sauti hadi njiwa wa kwenye boriti wakaruka. "Heshima gani hiyo ya kuniacha nikatwe mkono? Ungenizika kwa heshima pia? Ungesimama pale makaburini, mkwe mwema, umeinamisha kichwa, mara tatu yako umeikalia moyoni?"

"Mimi ndiye nilimwambia anyamaze," alisema Mama Pacha. Alikuwa amefunga mnyororo kwenye kizuizi chake, kwa maana hata katika kilio mtoto wa gereji haachi mzigo hivihivi, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila yeye kuyafuta. "Mnigombeze mimi. Na wewe baba usijifanye! Huoni. Mwaka mzima huoni, unatufanya sisi wajinga, unawasalimia watu kwa kubahatisha. Ungetuambia!"

Bingwa alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Ningewaambiaje? Nilikuwa nasubiri mmoja wenu aniambie. Kila siku nakuja hapa nasema leo wataniambia, baba, acha. Nikasogeza zile bolti ndefu nikasema hapa sasa atanikatalia." Akamtazama mkwewe, au alitazama mahali sauti ya mkwewe ilikokuwa. "Nyote mkawa na adabu."

Taratibu aliona aibu mpaka masikioni. Hakujua kama amkumbatie yule mzee au amkemee, na vyote viwili mkwe hafanyi, basi akampa mkono, akamwinua.

Walimaliza siku ileile, kwa sababu injini haiachwi ikining'inia eti watu wana huzuni. Taratibu aliingiza magogo mawili chini yake, akaishusha ikakaa, akasafisha tundu la mbele. Meno ya juu yalikuwa yameliwa, lakini ya chini bolti fupi haikuwahi kuyafikia. Akafunga ile ndefu, akahesabu mizunguko kwa sauti hadi tisa. Kilichoizuia injini kilikuwa ni waya wa ardhi, ule unaoiunganisha na bodi ya gari, uliojificha nyuma. Wenye macho na tochi waliuona mara moja. Injini ikatoka. Bingwa alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, amewapa mgongo.

Hakuja gereji kwa siku nane. Siku ya tisa Mama Pacha alimpeleka hospitali, mzee shingo upande. Walirudi na habari kwamba jicho la kulia lina mtoto wa jicho na litapasuliwa. La kushoto limechelewa, haliponi tena. Mzee alisimulia mwenyewe, mezani, akitafuna. "Mficha maradhi kilio humfichua," alisema. "Mimi kimenifichua kilio cha binti yangu." Kisha akaweka kijiko chini.

"Ile sheria yangu ina kasoro. Panda na shuka ziwe za mdomo mmoja, hapo sijakosea. Lakini simama ni ya wote. Hata anayepita njiani kununua sigara akisema simama, mnasimama. Na siku ya kuirudisha injini, mdomo ni wewe, Baba Pacha."

Wiki ya tatu injini ilikuwa tayari: ringi mpya, sili mpya, puli iliyotafutwa kwenye magari mabovu ya mji mzima, na masikio mawili ya kunyanyulia ambayo Taratibu aliyachonga kwa bamba nene la chuma. Mzee alikuja na bandeji jicho la kulia, siku nne tu baada ya kupasuliwa. Akasimama mahali pake pa siku zote, mbele ya gari, mikono tayari.

Kazi ngumu ya siku ile haikuwa injini. Taratibu alijifuta jasho ambalo halikuwapo. Alikohoa. Mkewe alimtazama kutoka kwenye mnyororo na safari hii hakumkazia macho, alimtikisia kichwa tu: sema.

"Baba," akasema, "hapo si salama. Nenda ukasimame pale ukutani. Na usisogee mpaka nikuambie."

Mzee akashusha mikono.

"Sawa, fundi," alisema Bingwa, akageuka, akaenda, mkono mmoja mbele akilitafuta jiwe la ukuta. Miaka kumi na mmoja, hakuwahi kumwita fundi.

"Panda."

Injini ikapanda, ikasogezwa juu ya mdomo wa gari ikiwa chini iwezekanavyo, mbele imeinama kidogo ili mkia utangulie.

"Shuka. Shuka. Taratibu."

"Nani, wewe au mnyororo?" aliuliza Mama Pacha, na sheria haikumfukuza mtu.

"Shuka."

"Simama!" alisema Bingwa kutoka ukutani.

Wakasimama. Taratibu akaukagua mnyororo, masikio, ndoano, nyaya, giaboksi, akamulika kila pembe kwa tochi. Hapakuwa na kitu.

"Nilisikia kama kukwaruza," alisema mzee, na uso wake ukaingia haya. "Pengine ni masikio nayo."

"Umefanya vizuri, baba. Asante," alisema Taratibu, na alimaanisha. "Shuka."

Shafti ikaingia kwenye klachi mara ya pili ya kutikisa. Injini ikakaa kwenye maunti zake, bolti zikapata matundu yake, mnyororo ukalegea. Taratibu akaingia chini ya gari, sasa kwa kuwa hakuna tena kinachoning'inia, akafunga giaboksi, akafunga maunti, akaunganisha ekzosi, akatoka, akaunganisha nyaya, kitambaa kwa kitambaa, akazibua paipu ya mafuta, akarudisha rejeta, feni na betri, akajaza oili na maji. Raha ya kazi inayokwenda sawa ikammeza. Mama Pacha alikwishakwenda kuwapokea pacha shuleni. Ikapita saa nzima, na zaidi.

Alipogeuka kuchukua kitambaa cha kufutia mikono, akamwona. Mzee alikuwa bado amesimama ukutani, palepale, mgongo umegusa jiwe, mikono nyuma, uzito ameuhamishia mguu mmoja kwa sababu wa pili goti lake ni bovu. Kiti cha plastiki kilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Hakuwa amekifuata.

"Baba! Mbona umesimama huko muda wote huu?"

"Hujasema nisogee," alisema Bingwa.

Taratibu alitupa kitambaa, akaivuka sakafu kwa hatua ambazo hakuna mteja aliyewahi kumwona akizipiga, akamshika mzee mkono, mkono wa kulia, wenye vidole vyote vitano.

"Sogea, baba," alisema. "Njoo uniwashie gari."